Kichwa cha Nyundo

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba masikio hayajazidi kuharibika. Juma lililopita nilikupigia simu mara mbili, ukawa unajibu maswali ambayo sikukuuliza. Nilikuuliza habari za mvua, ukanieleza habari za jirani yako kuoa. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu.

Huku hatujambo kwa kiasi chake. Mama anakusalimu. Magoti yanamtesa, lakini mdomo mzima. Leo asubuhi nimegombezwa kwa kuweka sukari kwenye rafu ya juu. Mimi niko pale pale, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, napiga pasi mashuka. Tumeletewa mashine mpya ya kukaushia. Ikiwashwa inatetemeka mpaka vikombe vya chai vinatembea mezani.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Ni kaka.

Unajua tangu aache mpira yupo stoo ya lile duka la rangi. Mwaka jana alianza kusahau vitu vidogo vidogo. Anasimama mlangoni kwangu na kuniuliza alikuwa anakuja kufanya nini. Tukacheka, maana nani hasahau? Kisha kichwa kikaanza kumuuma, kila siku, upande wa kulia. Mwanga wa dirisha unamchoma, anashinda na kofia ndani ya nyumba. Halafu zikaja hasira. Mjomba, yule mtu unamjua, akikanyagwa uwanjani yeye ndiye aliyekuwa anaomba radhi. Mwezi uliopita alimsukuma mkewe mpaka akajigonga kwenye kabati. Wifi amemchukua binti yao, wamehamia kwa dada yake wifi, na kaka amebaki hapa nasi.

Nimempeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mtaratibu ninayemjua kwa sababu ya mashuka ya wodi yake. Alimpa maneno matano ayashike. Baada ya dakika tano kaka alikumbuka moja tu, "kijiko", na hilo nadhani alibahatisha, maana kijiko kilikuwa kwenye kikombe cha daktari. Kisha yule mama akanigeukia mimi: "Alipokuwa anacheza, alizimia mara ngapi?"

Nikamwambia yupo anayejua.

Mjomba, ni wewe uliyebeba mkoba wa huduma ya kwanza wa timu ile misimu kumi na mmoja. Fundi seremala mzima, watu wakausahau ufundi wako na kukuita Dokta. Niandikie kila unachokumbuka, hata kama unaona ni kidogo.

Mpwa wako.


Tarehe 2 Machi

Kwako mpwa wangu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeipata, nami nashukuru sijambo, isipokuwa jino moja la nyuma nililong'oa kabla halijaning'oa mimi. Kazi ipo. Ghala letu la mbao limepata oda ya fremu za milango ya shule nzima, na msumeno mpya tuliopewa una kelele kuliko ule uliokula masikio yangu. Mpe pole mama yako kwa magoti. Mwambie kaka yake anamwombea, na asikugombeze kwa sukari, aiache kabisa, si nzuri kwa umri wetu.

Timu ya ghala tunayo pia, sijui kama niliwahi kukueleza. Jumapili tunacheza na watu wa kiwanda cha sabuni. Nani unadhani anabeba mkoba? Jina limenifuata mpaka huku.

Habari za kaka yako zimenisikitisha. Lakini mpira ni mpira, mama, kugongwa kupo. Ninachokumbuka sana ni kifundo chake cha mguu wa kushoto, kilimsumbua misimu miwili, nikawa namfunga bandeji kabla ya kila mechi. Na mbavu mbili zilizopasuka. Kichwa? Kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko nguzo ya goli, hawakumwita Nyundo bure. Mwambie daktari labda mara moja au mbili, mambo ya kawaida, alimwagiwa maji akaendelea. Alale vya kutosha, ale matunda, apunguze mawazo.

Bado anasimulia lile goli la fainali? Mimi nikilikumbuka mwili unanisisimka. Zimebaki dakika kumi na tano, bila kwa bila, kona inapigwa kutoka kulia, na kaka yako, beki wetu, anaruka juu ya watu wanne kama ameitwa na mtu aliye angani. Kipa hata mikono hakuinua. Unakumbuka uwanja ulivyolia? Walimbeba yeye, kisha wakanirudia mimi, wakanibeba na ndoo yangu mkononi, maji yote yakawamwagikia. Nikarudi nyumbani kwenu nimevaa kiatu kimoja. Wewe ulikuwa umefunga kitambaa cha timu kichwani. Mkumbushe goli lile, litamchangamsha.

Mjomba wako.


Tarehe 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema sukari aache nani, wewe au yeye, kwa sababu anakumbuka ni nani aliyekuwa akiilamba kwenye mkebe utotoni. Anaendelea vizuri. Paa lililokuwa likivuja tumeliziba. Mimi nimeungua kidole kwa pasi, si sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kifundo cha mguu umekipa mistari miwili, kichwa umekipa mzaha, na goli umelipa karibu nusu ukurasa.

Daktari anasema "labda mara moja au mbili" haimsaidii. Amenieleza kwa upole, kama anavyomweleza mtu asiyesoma, nami sikuchukia. Ubongo ni laini, unatikisika ndani ya fuvu. Ukitikisika ukaachwa upumzike, mara nyingi unapona. Ukitikisika tena kabla haujapona, jeraha linakaa juu ya jeraha. Na si lazima mtu azimie. Hata mipira ya kila siku ya kupiga kwa kichwa ina hesabu yake. Anasema hakuna kipimo cha kumpa jibu la hakika mgonjwa akiwa hai. Anachoweza ni kukusanya historia, kuondoa magonjwa mengine mojamoja, na kutuandaa.

Jumanne wiki iliyopita kaka alitumwa apeleke makopo mawili ya rangi kwenye ile shule tuliyosoma sisi wote. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Hakufika. Wamemkuta saa nne baadaye amekaa kwenye benchi la kituo cha basi, makopo ameyapakata. Mwenye duka ni mtu mwema. Amechukua funguo za stoo mwenyewe, taratibu, akamwambia apumzike kwanza. Kaka alimkabidhi. Alipofika nyumbani alilia, na baada ya hapo akarusha kigoda ukutani, hatua moja tu kutoka alipokaa mama.

Goli lako nilimkumbusha, kama ulivyoniagiza. Alivua kofia. Kisha akasema, "Hebu niambie. Lilikuwaje?"

Mjomba, sikuulizi ili nikulaumu. Nakuuliza kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa karibu naye vile.

Mpwa wako.


Tarehe 9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki saba zimepita. Nilimuuliza mtu wa posta kama barua zenu zinachelewa, akasema za wengine zinafika.

Ninaandika kifupi, mashuka yananisubiri. Jana nilikuwa nampaka mama dawa ya magoti, akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa. Amesema jioni ya fainali, watu wakiwa wamejaa uani, kaka aliingia jikoni, akakaa sakafuni, akamwita yeye kwa jina la marehemu bibi. Akamwomba afunge mlango, kelele zinamuumiza. Alikuwa amegeuza shati, amelivaa nje ndani. Mama alikuja kukuita wewe. Anasema ulimtazama kaka, ukamwambia, "Dada, ni furaha hiyo, mwache alale."

Mama ameishi na neno hilo miaka kumi na minne, na jana ndiyo kwanza ameniuliza, "Kweli ilikuwa furaha?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Mpwa wako.


Tarehe 30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisalimie dada yangu. Mimi mzima. Barua zako zote zilifika, mtu wa posta hana kosa. Nilianza kukujibu mara nne nikachana. Hii nikimaliza naipeleka posta kabla sijaisoma.

Haikuwa furaha.

Ilikuwa dakika ya sitini na tano hivi. Mpira ulikuja juu, kaka yako akaruka na mshambuliaji wao, wakakutana vichwa. Mlio wake ni ule wa mbao mbili ngumu zinapogongana, nami hufanya kazi na mbao, huwa nausikia mpaka leo. Yule wa kwao alianguka akishika paji la uso. Kaka yako alianguka hajashika kitu. Mikono ilikuwa imenyooka hewani, imekakamaa, kama mtu anayesukuma mlango. Nilikimbia na ndoo. Nilihesabu moyoni nikafika ishirini na kitu ndipo akafumbua macho.

Nilimnyooshea vidole viwili. Nikamuuliza vingapi. Akasema, "Vinne." Nikamuuliza tunacheza na nani. Akataja timu tuliyocheza nayo wiki iliyopita. Kocha alikuwa anapiga kelele toka pembeni, "Dokta, vipi? Dokta!" Wachezaji wa akiba walikuwa wamekwishavua jezi za mazoezi. Uwanja wote ulinyamaza, watu maelfu wananingoja mimi, fundi wa milango. Nikageuka nikainua dole gumba.

Kwa hiyo kocha msimlaumu. Kocha aliuliza, mimi nikajibu.

Aliposimama aliniuliza, "Mjomba, tunashambulia upande gani?" Nilimshika mabega, nikamgeuza, nikamwonyesha. Dakika kumi baadaye akafunga goli kwenye upande ule niliomwonyesha. Hilo ndilo goli ninalokuandikia kila mara.

Siku tisa baadaye, mazoezini, aligongwa tena, kidogo tu, kiwiko. Alitapika nyuma ya ukuta wa choo. Nilimpa vidonge vya maumivu, nikamwambia asimwambie mama yake, tusimtie wasiwasi.

Andikia daktari hivi. Kuzimia kabisa, ninakumbuka mara nne. Moja akiwa na miaka kumi na tisa, aligonga nguzo. Moja kwenye uwanja wa matope, sikumbuki mwaka, alipigwa goti. Ya fainali. Na moja msimu wa mwisho, ambayo ilikuwa nyepesi kuliko zote lakini alikaa siku nzima akitabasamu ovyo, na ndipo nilipoogopa, na ndipo nilipomwambia aache mpira. Nyinyi mlidhani ni kwa sababu ya kifundo. Niliwaacha mdhani hivyo. Kutikisika bila kuzimia, kuona nyota, kuchanganya jina la mtu, hizo hazina idadi. Na mazoezi: kila Jumanne na Alhamisi nilisimama na kreti la mipira, nikamrushia mia, nikihesabu kwa sauti. Nilijivunia kuhesabu vizuri.

Unaweza kuuliza nilikuwa najua nini wakati ule. Sikusoma udaktari, mkoba nilipewa kwa sababu nilikuwa na gari la kubebea mbao na wachezaji walihitaji usafiri. Ningeweza kujitetea kwamba sikujua. Lakini mtu akiona viwili ni vinne huhitaji shule. Nilijua hayuko sawa. Nilitaka goli, na nilitaka niwe mtu aliyekuwemo goli lilipopatikana.

Nina jambo jingine, na siliandiki ili unisifu. Jumapili mbili zilizopita, tukicheza na hao wa sabuni, kipa wetu alitoka kufuata mpira, akapigwa goti kichwani. Ni kijana wa kupanga mbao, ana mke mjamzito. Aliinuka haraka akisema yuko sawa. Nikamuuliza nusu saa iliyopita nani kafunga. Akasema hakuna, na sisi tulikuwa tumefungwa moja. Nikaanza kumvua glovu.

Kocha wetu, ambaye ndiye msimamizi wa ghala, akaja juu. "Dokta, mwenyewe anasema yuko sawa."

"Mwenyewe hajui tumefungwa," nikasema. "Hachezi."

"Wewe ni fundi milango."

"Ndiyo. Na hachezi."

Langoni alikaa dereva wa lori, tukafungwa nne. Jumatatu ghalani hakuna aliyekuja kunishikia ncha ya pili ya ubao. Nimekata peke yangu wiki nzima. Mke wa yule kijana alikuja Ijumaa kuniambia mumewe alilala siku mbili na kutapika, sasa anaendelea vizuri. Akanishika mkono. Nami nikatamani ardhi ipasuke, kwa sababu aliyestahili kuvuliwa jezi na kuketishwa nje kwanza alikuwa kaka yako.

Msomee barua hii, au usimsomee. Amua wewe. Mimi ninaogopa.

Mjomba wako.


Tarehe 14 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mashine ya kukaushia imeharibika, tumerudi kwenye kamba, na mashuka ya hospitali nzima yanapepea nyuma ya chumba cha maiti. Kidole changu kimepona. Wifi huja na binti yao kila Jumamosi mchana. Daktari alimwita akamweleza kwamba hasira zile nyingi ni ugonjwa. Amesikia, lakini hajarudi kuishi, nami simlaumu. Ukishaogopa mtu, maelezo hayatoshi.

Hesabu yako nimeipeleka. Daktari aliandika kila kitu kwenye faili, polepole, akauliza mwaka wa kila tukio. Hakusema neno baya juu yako. Alisema ni wachache wanaopata mtu wa kuwaeleza hivi. Dawa za usingizi na za hasira amezibadilisha, zinasaidia kiasi. Kaka asipande ngazi, asiguse pombe, awe na daftari mfukoni na siku zake zifanane. Kupona hakutaja. Nilisubiri ataje, hakutaja.

Mama nilimsomea mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aisikie tena ile sehemu ya vidole, kisha akaenda kuchambua maharage. Tangu siku ile hajasema lolote juu yako. Ila juzi ameniambia nifue mapazia ya chumba cha mbele na nitafute godoro, lile la zamani limebonyea.

Kaka nilimsomea Jumapili, barazani pale nyuma, amevaa kofia yake. Nilipofika kwenye dole gumba alinishika mkono nisiendelee. "Kumbe," akasema. Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia yeyote: goli lile hajawahi kulikumbuka, tangu siku ile ile. Alijifunza kulisimulia kwa kusikiliza watu, na miaka yote hii akijiona mwongo. "Kumbe si uongo wangu," akasema. "Mwambie mjomba asijitese. Mimi pia nilitaka kucheza." Akacheka, mjomba, kile kicheko chake cha zamani. Niliingia ndani kutafuta karatasi nikuandikie kwamba umesamehewa.

Jumatatu asubuhi, akinywa chai, aliniuliza, "Mjomba haandiki siku hizi?"

Nikadhani ananitania. Nikamsomea tena. Safari hii aliinuka kabla sijamaliza. "Aliniona," akasema. "Aliniona sijui hata upande wa goli, akanigeuza kama mbuzi." Alirudia hivyo mchana kutwa, akipita huku na huku, hakula. Alipiga mlango teke mpaka bawaba moja ikang'oka. Jioni alikuwa amechoka, hajui kwa nini mguu unamuuma, nami sikumwambia.

Jumatano aliuliza tena. Nilisita, lakini nilijiambia ana haki ya kujua lililompata mwilini mwake. Akasikiliza. Mwisho akalia, na alikuwa anakulilia wewe. "Masikini mjomba. Amelibeba hilo peke yake." Alitaka tukupigie simu. Nikamwambia husikii.

Nimeacha kumsomea. Barua nimeiweka kwenye kabati langu la kazini. Nilimuuliza daktari ni jibu lipi kati ya yale matatu ndilo la kaka kweli. Akasema yote matatu ni yake.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia kwamba amekusamehe, wala kwamba amekataa. Kila nikitaka kuandika moja, la pili linanikatalia. Na nimechoka kuwa mimi ndiye ninayemwambia, nikimtazama akilipata upya kila mara, halafu asubuhi ananiuliza habari zako kwa uso uliokunjuka.

Njoo, mjomba. Mwombe msimamizi wako likizo ndefu, si ya siku mbili. Umwambie mwenyewe, ana kwa ana, na chochote atakachokujibu siku hiyo ukipokee. Kisha ulale kwenye chumba cha mbele, na kesho yake akikuuliza umekuja kufanya nini, umwambie tena.

Mpwa wako.